Nauli ya Tanga, Mtu Mmoja: Mwongozo wa Kusaka Riwaya ya Mapenzi ya Zamani Ukiwa Moshi au Arusha

Kwenye sanduku la bati la bibi yangu, Old Moshi, chini ya kanga zilizokunjwa na Biblia iliyotafunwa na mende, kuna stakabadhi ya kahawa ya miaka ya 1930. Mbele yake ni mambo ya kawaida: uzito wa kahawa, fedha iliyolipwa. Nyuma yake baba wa bibi aliandika matumizi kwa kalamu ya risasi: mafuta ya taa, chumvi, jembe, na mstari wa mwisho, "nauli Tanga, mtu 1".

Hakuna mtu wa ukoo wetu anayekumbukwa kuwa aliwahi kwenda Tanga.

Kabla ya siku niliyoigeuza karatasi ile nilikuwa nimepoteza miezi minane nikiandika riwaya ya binti wa mangi, yaani mtawala wa Kichagga, na askari mtoro. Ngoma zilikuwepo, mikuki ilikuwepo, mwezi mpevu juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ulikuwepo. Ikafa sura ya tatu. Leo naijua sababu: nilianza na wapenzi, ndipo nikawatafutia mkasa. Nimejifunza kuanza na kizuizi. Mpaka wa kihamba (shamba la nyumbani la Kichagga), zamu ya maji, dhehebu, deni, treni inayopita mara chache kwa wiki. Ukipata kizuizi ambacho ni cha mwaka wake kabisa, kisichoweza kuhamishiwa mwaka mwingine, wapenzi hujitokeza wenyewe wakitafuta pa kukirukia. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata, na naziandika kwa ajili ya yeyote anayeishi chini ya mlima huu na anataka kuandika mapenzi ya watu waliomtangulia.

Hatua ya kwanza: chagua mwaka

"Enzi za Mjerumani" ni ukungu tu. Humo hamna tarehe wala bei. Chagua mwaka mmoja, au miezi kumi na minane hivi, ambapo kuna mlango uliofunguka au kufungwa. Huku kwetu miaka ya namna hiyo ipo mingi. Mwaka 1911 reli iliyoanzia Tanga ilifika Moshi, na mji wenyewe ukateremka kutoka Old Moshi kuifuata bondeni. Machi 1916 Waingereza waliingia Moshi, Wajerumani wakarudi nyuma kufuata reli, na pamoja na askari wao wakaenda wake na watoto wa askari, kwa sababu vikosi vile vilitembea na familia. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga waliunda chama chao cha kahawa, KNPA, wakati walowezi hawakutaka kabisa kumwona Mwafrika akilima arabika. Mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na chama cha ushirika, KNCU. Mwaka 1942 walianza kufika wakimbizi wa Kipolandi, na Tengeru, karibu na Arusha, ikapata kambi yao. Usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge kileleni.

Chukua mmoja. Mimi nilichukua 1937, na nitaeleza kwa nini huko mbele.

Neno moja kuhusu watawala. Inavutia kumwandika mangi, lakini Mangi Meli alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, na uzao wao upo, unasali katika makanisa tunayosali, unapanda daladala tunazopanda. Msiba wa namna hiyo usiugeuze kuwa pambo la mahaba uliyoyatunga. Mwache apite kwa mbali katika hadithi, kama alivyopita mbele ya watu wengi wa kawaida, na wewe uwaandike hao wa kawaida.

Hatua ya pili: orodhesha vizuizi vya mwaka huo

Chukua daftari, andika mambo yote ambayo mwaka huo yangewazuia watu wawili kuoana, kuonana au hata kuelewana. Usiandike "wazazi walikataa". Andika walikataa kwa nini.

Dini ni mfano mzuri. Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, wakashika Machame, Mamba na Old Moshi. Kilema ya mapadre na Marangu ya Walutheri ni majirani. Binti wa shule ya mapadre na kijana wa shule ya Kilutheri wangeweza kusikia kengele za makanisa yao zikigongana Jumapili moja, na wasiweze kufunga ndoa mbele ya altare yoyote bila mmoja kumvunja moyo mama yake. Kisha ongeza historia: baada ya Vita ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na walimu na wazee wa kanisa wakabaki kuushikilia usharika. Mwalimu kijana anayeongoza ibada, na yeye mwenyewe ana mchumba ng'ambo ya pili ya dhehebu. Hapo kuna riwaya nzima.

Lugha nayo. Mtu wa Rombo na mtu wa Machame, kila mmoja akizungumza Kichagga chake, hawaelewani kwa urahisi. Wapenzi wawili wa mlima mmoja wanalazimika kutongozana kwa Kiswahili, lugha ya sokoni na ya serikali, na kila mmoja ana maneno ya ndani ya moyo ambayo mwenzake hayajui. Utapataje mazungumzo mazuri kuliko hayo?

Hatua ya tatu: fungua masanduku ya wazee

Hapa watu wengi wanakosea. Wanamwendea mzee na kumuuliza mapenzi ya zamani yalikuwaje. Mzee anajibu kwamba zamani watu walikuwa na heshima, na mazungumzo yanaishia hapo. Nenda na sukari na sabuni, msalimie, kaa, na usiulize mapenzi. Uliza vitu.

Nilipoikuta ile stakabadhi, niliuliza hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umefunga mlango? Kuku wanaingia."

"Nimefunga. Bibi, mafuta ya taa mlikuwa mnaweka kwenye nini?"

Kutoka kwenye chupa ya mafuta ya taa tukaenda kwenye taa yenyewe, kutoka kwenye taa tukaenda kwa nani aliruhusiwa kuiwasha, na kutoka hapo, bila mimi kuomba, kwenye usiku ambao baba yake aliiacha ikiwaka mpaka alfajiri kwa sababu kuna mtu hakurudi. Bibi alikuwa mdogo, kitindamimba wa nyumba. Hakuambiwa ni nani.

Kwa hiyo uliza bei, nguo, vyombo, njia, nani alilala wapi. Uliza kanga ilikuwa na maneno gani na ilinunuliwa duka la nani. Andika kwa mkono, usimwekee simu usoni. Na ukionyeshwa kitu, kigeuze nyuma. Nyuma ya picha, nyuma ya cheti cha ubatizo, ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo. Watu waliandika nyuma, kwa sababu karatasi ilikuwa adimu. Kabla ya kuondoka, omba ruhusa ya kutumia ulichosikia, na umwambie wazi kwamba majina utayabadilisha.

Hatua ya nne: tembea kando ya mfongo

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na sijaona waandishi wengi wakiitumia.

Mifongo ni mifereji ya kumwagilia ambayo Wachagga walianza kuichimba kabla mzungu hajakanyaga mlimani. Inachukua maji mtoni huko juu, inayaleta kwa kuzunguka mabega ya vilima mpaka kwenye vihamba. Maji yana zamu. Fulani asubuhi, fulani mchana, na ya usiku yanakusanywa kwenye bwawa dogo, nduwa, yafunguliwe kukipambazuka. Anayekata maji nje ya zamu yake ana kesi.

Sasa fikiri kama mwandishi. Katika jamii ambayo kijana anaulizwa ametoka wapi kila akichelewa, wewe unahitaji shughuli inayompa sababu halali ya kuwa nje. Kulinda maji ni sababu. Kwa wanawake, kukata majani ya ng'ombe ni sababu: ng'ombe wa mlimani hufungwa zizini, na wanawake walishuka mpaka nyanda za chini kutafuta majani na kuyapandisha kichwani. Soko ni sababu pia, na masoko ya mlimani yalikuwa mikononi mwa wanawake. Chora ramani ya kijiji chako, uweke alama kila mahali ambapo mtu angeweza kusimama robo saa bila kuulizwa swali. Alama zikiwa chache, zinatosha. Hapo ndipo wapenzi wako watakapokutana, na msomaji hatakuuliza ilikuwaje.

Nenda ukatembee kwa miguu. Nilipofuata mfongo mmoja juu ya Old Moshi niligundua jambo ambalo nisingelipata kitabuni: maji yana kelele ndogo lakini ya kudumu, na watu wawili wanaoongea kwa sauti ya chini kando yake hawasikiki hatua kumi kutoka hapo. Sura yangu ya tano imesimama juu ya kelele hiyo.

Ukiwa huko, tazama masale yaliyopandwa kwenye mipaka ya vihamba. Isale si ua la kupendezesha. Linaweka mpaka, na jani lake hupelekwa kwa mtu uliyemkosea kumwomba msamaha. Aliyepelekewa isale huona uzito mkubwa kukataa. Ukilitumia kwenye riwaya, litumie mara moja tu, na liwe na kosa zito nyuma yake. Nimeona mswada ambao kijana alimpa msichana isale siku ya kwanza kama vile anampa waridi. Msomaji yeyote wa Kilimanjaro angefunga kitabu hapohapo.

Hatua ya tano: kituo cha reli

Kaa karibu na kituo cha zamani cha Moshi asubuhi, halafu ufikirie Kahe. Kahe, kule tambarare kwenye joto, ndiko reli ya kutoka Voi, iliyojengwa na Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza, ilikounganika na ile ya Tanga. Mtu aliyetoka Mombasa na mtu aliyetoka Tanga wangeweza kukutana Kahe, wakasubiri pamoja bila kujuana, kisha kila mmoja akaenda zake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 njia ikafika Arusha, na hapo kijana wa Moshi akaanza kuwa na mchumba wa Arusha.

Reli inakupa kitu ambacho mwandishi wa mapenzi anakihitaji sana, yaani kuchelewa kusikokuwa na wa kulaumiwa.

Hatua ya sita: Tengeru

Ukiwa Arusha, wengi watakuelekeza kwenye Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho. Nenda, angalia unene wa kuta zake. Ila usiishie hapo. Panda gari la kwenda Tengeru ukaulizie makaburi ya Wapolandi.

Mwaka 1940 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu Wapolandi wengi mpaka Siberia na maeneo mengine ya mbali. Mwaka 1942 baadhi yao walitoka kupitia Iran, na karibu 5,000 wakaishia Tengeru, wengi wakiwa wanawake na watoto. Waliishi kwenye vijumba vya mviringo vilivyopakwa chokaa na kuezekwa nyasi, wakawa na shule, kanisa na mashamba yao. Kambi ilidumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Waliobaki ardhini ni karibu 150, makaburi yao yamezungushiwa ukuta, na Mlima Meru uko juu yao.

Nilisimama pale nikasahau kabisa kwamba nilikuja kutafuta hadithi. Baadaye ndipo maswali yalipokuja. Watoto waliofika wakiwa na miaka minane, na kuondoka wakiwa na kumi na minane, walizungumza lugha gani wakiota? Nani aliwafundisha kuhesabu kwa Kiswahili? Mwanamke aliyempoteza mume Siberia, na hajui kama amekufa au yu hai, angeweza kumpenda mtu mwingine hapa bila kujiona msaliti? Na kijana wa Kimeru aliyekuwa akipita pale kila siku, alibaki na nini kambi ilipofungwa?

Tahadhari ni moja. Majina yaliyo kwenye mawe yale ni ya watu wa kweli. Usichukue jina lolote ukamvika mhusika wako. Chukua swali, uache jina mahali pake.

Hatua ya saba: magazeti na picha

Hapa nitakwenda haraka. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, na kabla yake, wakati wa Wajerumani, kulikuwa na Kiongozi la Tanga. Ukipata nafasi ya kukaa kwenye Nyaraka za Taifa, au sehemu ya Afrika Mashariki ya Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, usisome habari kubwa. Soma barua za wasomaji, mashairi ya kujibizana na matangazo. Humo ndimo utakaposikia Kiswahili cha wakati ule kinavyopumua, jinsi mtu alivyolalamika, alivyosifia, alivyomwita mwenzake. Picha za misheni ya Leipzig kutoka Kilimanjaro zinapatikana bure mtandaoni katika hifadhi ya picha za wamisionari ya Chuo Kikuu cha Southern California. Usimtazame aliyekaa katikati. Mtazame yule wa pembeni aliyegeuza uso, na ujiulize anamwangalia nani nje ya picha.

Hatua ya nane: geuza kitu kiwe hadithi

Una kitu mkononi. Kiulize maswali matatu: nani alikilipia, nani hakutakiwa kukiona, na kingechelewa siku moja nini kingeharibika.

Nilivyofanya mimi na ile stakabadhi ni hivi. Nauli ya Tanga ililipwa na baba wa nyumba, kwa pesa ya kahawa. Iliandikwa nyuma, mwisho, baada ya jembe, kama jambo lisilotakiwa kuonekana. Kwa nini Tanga? Kwa sababu huenda aliyesafiri alikuwa anarudi kwao. Nani wa Tanga angekuwa Old Moshi miaka ile? Hapo nikamwona karani kijana, mtu wa pwani, aliyeletwa kuandika vitabu vya ghala la kahawa.

Ndipo 1937 ikaingia. Wakulima walikuwa wameamriwa kuuza kahawa yao yote kupitia KNCU, bei zilikuwa zimeanguka kwa msukosuko wa uchumi wa dunia, na wengi waliona chama kimeacha kuwa chao. Mwaka huo hasira zikalipuka, baadhi ya maghala ya chama yakashambuliwa. Sasa kizuizi ninacho, na hakiwezi kuhamia mwaka mwingine: karani anayeandika uzito wa kahawa ya watu waliokasirika, na binti wa mmoja wa watu hao. Baba anajua. Usiku watu wanapokwenda ghalani, baba huyohuyo anamficha kijana chumbani kwake, taa inawaka mpaka alfajiri, na asubuhi anamlipia nauli. Anamwokoa na kumwondoa kwa tendo lilelile. Sikulazimika kubuni mhalifu yeyote, na hilo ndilo lililonifurahisha.

Hatua ya tisa: hakiki

Mapenzi yanavunjwa na kosa dogo la ukweli. Kabla mhusika hajatoa pesa, jua ni pesa gani. Chini ya Wajerumani ilikuwa rupia, na tangu katikati ya muongo wa kwanza wa karne ya 20 rupia moja ilikuwa heller 100. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuja 1921. Kilele cha Kibo hakikuitwa Uhuru kabla ya Uhuru. Wajerumani walikipa jina la Kaiser wao. Maneno ya kanga za mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo msichana wa shule ya misheni wa mwaka 1910 huenda amevaa ujumbe asioweza kuusoma mwenyewe. Kosa kama hilo ukiliwahi linageuka kuwa tukio zuri.

Punguza pia "nakupenda". Sisemi watu hawakulisema. Nasema kwenye ukurasa neno lile lina nguvu likichelewa, na mhusika anayebeba mzigo wa majani wa mwenzake kwa hatua hamsini ameshasema mengi.

Hatua ya kumi: kamsomee mwenyewe

Ukimaliza sura tatu, rudi kwa mzee aliyekufungulia sanduku. Soma kwa sauti, polepole, simu ikiwa imezimwa. Usieleze. Subiri.

Nilimsomea bibi jioni moja, moshi wa jikoni ukitoka kwa mama mdogo aliyekuwa anapika mtori. Alinirekebisha mara mbili: jembe niliweka mahali pasipo pake, na mlango wa nyumba nilisema ulifunguka kwa nje. Kisha nikafika mwisho wa sura ya tatu, ambapo karani anapanda treni akiahidi kurudi msimu wa mavuno. Bibi akaomba ile stakabadhi, akaipapasa kwa kidole kwa kuwa macho yake hayasomi tena.

"Hapa wameandika mtu mmoja?"

"Ndiyo, bibi. Nauli Tanga, mtu mmoja."

"Ya kurudi wameandika?"

"Hapana."

"Basi hiyo ahadi ifute, mjukuu wangu. Baba alikuwa mtu wa hesabu."